Mwalimu wa Viyoga vya Makaburini

Dada yangu Mbeyu alikata roho asubuhi, kitanda cha karibu na choo, mimi nikiwa kitanda cha pili yake na sindano ya maji mkononi. Daktari alikuja akamfunga macho, akanigeukia akaniuliza, "Mlikula nini?" Mdomo wangu ulikuwa mkavu kama kigae, ulimi haugeuki. Kabla sijapata sauti, mtu aliyesimama miguuni mwa kitanda alinijibia.

"Uyoga wa Mwalimu, daktari. Yule mzee wa Kuze. Ndiye awafundishaye kina mama hawa kuokotaokota."

Aliyesema hivyo anaitwa Faraji Mwachiro, mwenye kibanda cha mboga sokoni Marikiti. Ndiye aliyetuleta hospitali kwa gari lake, na watu wakamsifu. Akishasema, akauvuta ule upande wa leso uliokuwa umejikunja, akamfunika dada yangu miguu vizuri. Mimi nikimtazama.

Mimi sikusoma sana. Darasa la nne, basi. Lakini nitaandika kwa mkono wangu, na nitaanza na Mwalimu, kwa sababu yeye ndiye aliyepakwa tope na mpaka leo halijamtoka.

Simtaji jina. Hakupenda jina lake litajwe hata akiwa mzima wa macho. Alisema jina ni la nyumbani. Sisi sote tulimwita Mwalimu, maana alisomesha skuli za hapa mjini miaka mingi, somo la mimea na wanyama, mpaka akastaafu. Mimi nilimjua kwa mchicha. Nilikuwa nikipita vichochoro vya Kuze na beseni langu, na mkewe alikuwa mteja. Siku moja kwenye shina la mkungu wa ndizi nilioubeba palikuwa pameota viyoga, vidogo, havifiki ukucha wa kidole kidogo. Nikataka kuvipangusa. Mwalimu akatoka ndani mbio, kofia mkononi.

"Wacha! Wacha hapo hapo! Hivyo ni vyangu."

"Si mchicha huo, Mwalimu."

"Mchicha mpe bibi. Mimi nipe huo mkungu."

Basi ndivyo tulivyojuana. Baadaye akaniomba, mvua ikinyesha usiku, nimpitie alfajiri twende kichakani. Magoti yake yalikuwa hayapindi. Alitaka mtu wa kuinama, naye asimame atazame. Kuinama mimi nimeinama maisha yangu yote, sikuona tabu.

Kichaka chenyewe kilikuwa nyuma ya makaburi ya zamani, upande wa bahari. Mizambarau, mikwaju, miti ya kungu iliyojiotea, na chini majani yaliyooza tabaka juu ya tabaka. Wapitao njiani waliona takataka. Mwalimu alikuwa akifika mwanzo wa miti anawatolea salamu walolala, kisha anafunga kanzu kiunoni, kikoi kinaonekana, anatia shingoni kioo chake cha kukuzia alichokitungia kamba ya kiatu. Kikapu chake kilikuwa na trei ya mayai. Kila kiyoga na shimo lake, visichanganyike. Vile vidogo kabisa vilitiwa ndani ya viberiti vitupu.

"Usikate," alikuwa akinambia. "Chimbua. Shina lote mpaka kitako, na kile kilichoshikilia. Kama ni ukuti, njoo na ukuti. Kama ni mavi ya punda, njoo na mavi ya punda."

"Mavi ya punda hapana, Mwalimu."

"Njoo nayo."

Pua yake ilikuwa imekufa, kwa ugoro nadhani, maana alivuta ugoro mpaka kanzu zake zote zilikuwa na doa la kahawia kifuani. Kwa hiyo kunusa ilikuwa kazi yangu, na hapo ndipo aliponitesa.

"Chanuka nini?"

"Chanuka uyoga."

"Hilo si jibu. Nusa tena."

"Chanuka… maji ya kuoshea samaki."

"Samaki gani?"

"Mwalimu nawe!"

"Samaki gani, mama Kadzo?"

"Dagaa."

Akaandika dagaa. Aliandika kwenye vipande vya kadi, kila kiyoga na kadi yake: rangi, urefu, chini ya kofia kina mikunjo kama kurasa au matundu, kimeota juu ya nini, mvua ilinyesha lini. Na harufu, kisha akatia, "asema mama Kadzo". Sikuwahi kuona jina langu likiandikwa na mtu ila kwenye kadi ya zahanati na hapo.

Rangi nayo vita. Nikimwambia nyeupe, ataniuliza, "Nyeupe gani? Ya chokaa, ya maziwa, au ya jino?" Nikimwambia, "Hiki ni kile cha juzi," atakasirika. "Usiniambie ni. Niambie chafanana na." Alikuwa na vitabu vyenye picha, vya Kizungu, akavifungua vyote kitandani, akalinganisha, na mwisho wake mara nyingi akaandika jina la Kilatini na mbele yake alama ya kuuliza. Nilimwambia mbona kadi zako zote zina alama ya kuuliza, mtu mzima kama wewe? Akasema vitabu hivyo vimeandikwa na watu ambao hawajafika Mombasa, na viyoga vyetu havijavisoma.

Kwa kuwa kwa Kiswahili havina majina, alivibuni. Kifungo cha Kanzu. Sindano ya Bibi. Sikio la Panya. Kile cheusi kinachoyeyuka kikawa wino kabla ya adhuhuri alikiita Karani Mlevi, akacheka mwenyewe mpaka akakohoa.

Mkewe, Mungu amrehemu, alikuwa na maneno. Mwalimu alikuwa akichukua kofia ya uyoga, ailaze juu ya karatasi, nusu nyeusi nusu nyeupe, aifunike bakuli ilale. Asubuhi inakuwa imedondosha vumbi lake, na rangi ya lile vumbi ndiyo humwambia ukoo wake. Sasa bakuli alizozitumia ni zile za bibi, za maua, za kuandalia wageni. Iddi moja wageni wamekaa, bibi akafunua bakuli atie kaimati, akakuta kitu kimelala chini kimenywea.

"Wanaume wenzio huleta nyumbani samaki," alimwambia mbele ya wageni. "Wewe waniletea maiti."

"Usiitikise hiyo karatasi," Mwalimu akajibu. Hilo tu ndilo alilojibu.

Msifikiri alikuwa mtu mwema wa kupendeza. Alikuwa mchoyo wa sukari. Chai yake ukinywa unakunja uso. Aliwalisha paka wa mtaa mzima lakini akiona kunguru huchukua jiwe, na hakuona haya kulirusha hata msikitini pakiwa na watu. Aliogopa jongoo. Mtu aliyeshika uozo kwa mikono yake miwili, akiona jongoo huniita mimi nimwondoe kwa kijiti, naye anageuka kando. Na alikuwa mkali. Niliwahi kutia aina mbili katika shimo moja la trei akanifokea njia nzima, mpaka wachukuzi wa Marikiti wakauliza huyu mama amemwibia nini mzee wa watu. Hakuniomba radhi. Kesho yake aliniletea mkate wa mofa umefungwa kitambaa, akauweka juu ya beseni langu, akaenda zake.

Barazani walimfanyia mzaha. "Mwalimu, leo umemposa nani, mwenye kofia nyekundu?" "Yakhe, watu wajenga magorofa, wewe wahesabu ukungu." Yeye hukaa akinywa kahawa yake na kusema, "Magorofa yenu nayo yana ukungu. Nimeuona. Niwaletee kadi?"

Lakini kulikuwa na swali moja lililomtoa kwenye utani. Mtu akimwuliza, "Chaliwa?" anabadilika uso. "Wote mwaniuliza chaliwa. Hakuna hata mmoja aniulizaye chaishi vipi." Yeye mwenyewe hakuwahi kula uyoga, hata wa kopo. Alisema hapendi ulaini wake mdomoni. Miaka yote niliyoinama kule kichakani hakuniambia siku moja kwamba hiki peleka nyumbani upike. Watu wa kwetu Kaloleni tunakula uyoga, ule wa kichuguu, lakini tunaujua sisi wenyewe kabla ya kumjua Mwalimu. Una mkia mrefu unaoshuka chini mpaka kwenye mchwa. Mtoto anayetumwa kuuchuma huambiwa aje nao na mkia. Hauna mkia, hauingii chunguni.

Sasa sikizeni hili.

Mwanzo wa mvua za mwaka ule, Faraji Mwachiro alikuja nyumbani kwa Mwalimu na uyoga mkubwa mweupe, wenye magamba ya kahawia juu. Mimi nilikuwepo, nimekaa kizingitini nachambua mchicha wa bibi. Faraji alisema umeota mwingi kwenye nyasi za bustani ya ofisi moja ambayo mlinzi wake ni rafikiye, nao ni bure, na hoteli zanunua uyoga.

"Wafanana na ule wa kichuguu, Mwalimu. Au sivyo?"

Mwalimu akaupindua. "Wafanana kwa mbali. Mkia uko wapi?"

"Ndio huo."

"Huo ni kitako. Umeishia hapo. Haukushuka popote." Akailaza kofia juu ya karatasi, akafunika bakuli, akamwambia aje kesho.

Kesho akaja. Mwalimu akafunua mbele yetu. Vumbi lilikuwa la kijani, kijani kilichochujuka kama nguo iliyofuliwa sana.

"Waona? Ule wa kichuguu vumbi lake ni la waridi waridi. Huu hauliwi."

"Hata ukichemshwa?"

"Hauliwi, Faraji. Umesikia? Watapisha na kuharisha mpaka mtu mgonjwa aweza kufa."

"Nimesikia, Mwalimu. Ahsante."

Mtu ambaye hata Kifungo cha Kanzu alikitilia alama ya kuuliza, siku hiyo hakutia. Nililiona hilo nikalishangaa. Faraji akaondoka na mimi nikampisha mlangoni.

Mbeyu dada yangu alikuwa akifagia kibanda cha Faraji jioni, na desturi ya pale sokoni ni kwamba anayefagia huondoka na kilichobaki. Mara tungule zilizopasuka, mara biringani. Alikuwa na sukari mwilini, figo zimeanza kuchoka, lakini alifanya kazi. Jioni ya mkasa nilipofika chumbani kwetu nikakuta chungu kinachemka, tui la nazi limetanda, kunanukia. Akanipakulia na sima.

"Uyoga huu umetoa wapi?" nikamwuliza.

"Wa Faraji. Mpishi wa hoteli kaukataa, asema haufahamu. Faraji kanambia chukua."

"Ulikuwa na mikia?"

"Imekatwa. Na mimi nimemwuliza vivyo hivyo, mbona hauna mikia? Akasema ni wa kichuguu, ameikata mwenyewe, watu wa hoteli wataka kitu kisafi. Kula, dada, kabla hakijapoa."

Nikajiambia, Faraji ameliona lile vumbi kwa macho yake, hawezi kuuleta ule. Tulikula. Usiku huo sina haja ya kuusimulia. Faraji alikuja na gari kabla jua halijatoka, na mpaka leo sijui ni nani aliyempigia simu. Majirani wote nimewauliza.

Nilipotoka hospitali nilichukuliwa moja kwa moja Kaloleni kuzika. Huku nyuma, Athumani Kibwana, mwenyekiti wa mtaa, akaitisha kikao barazani Kuze. Athumani ameoa kwa kina Faraji. Hilo kila mtu alijua na hakuna aliyelitaja. Nililosimuliwa ni hili. Faraji alisimama akalia machozi, akasema Mbeyu alikuwa kama dada yake, na kwamba hawa wanawake huenda makaburini na Mwalimu kuchuma. Athumani akamgeukia Mwalimu.

"Mwalimu, twakuuliza mbele ya watu. Uyoga waliokula ni wa kichaka chako au si wa kichaka chako?"

Mwalimu akasema, "Sikuuona."

"Hujui?"

"Uliliwa ukaisha. Sikuuona kwa jicho langu. Siwezi kusema ni, siwezi kusema si."

Kikao kizima kikasikia mtu anayeshindwa kukana. Ndivyo walivyosikia. Athumani akatoa uamuzi: Mwalimu asionekane tena kule, na kichaka kifyekwe kwa usalama wa watoto. Wiki ile ile wakaja vijana na mapanga na msumeno. Mizambarau ikaanguka, majani yakarundikwa yakatiwa moto, moshi ukaingia mpaka majumbani. Leo panaegeshwa magari. Nimepita mara nyingi baada ya mvua. Pamemwagwa changarawe, hauoti hata ukungu.

Nilimkasirikia Mwalimu. Nasema kweli, nilimkasirikia kuliko nilivyomkasirikia Faraji, kwa sababu kwa Faraji sikutaraji kitu. Nilisema moyoni, huyu mzee kwa ajili ya kiyoga cha senti huuliza samaki gani, samaki gani, lakini kwa ajili ya Mbeyu kafunga mdomo. Nilimwendea Athumani mwenyewe, nikamweleza la vumbi la kijani, nikamweleza alivyoniambia Mbeyu tukila. Aliniwekea kiti. Akanisikiliza mpaka mwisho.

"Pole sana, mama Kadzo. Lakini wewe uliumwa vibaya. Kichwa cha mtu aliyeumwa hivyo hakitulii. Na marehemu hawezi kuitwa shahidi."

"Mwalimu yupo. Alimwambia Faraji mbele yangu."

"Mwalimu aliulizwa, akasema hajui. Watu wote walisikia."

Nikanyanyuka. Sikupita tena Kuze na beseni langu kwa muda mrefu. Mkewe Mwalimu alipofariki nilikwenda matangani, nikakaa na wanawake, nikaondoka bila kumpa yeye mkono.

Mwezi uliopita nilikuwa Kibokoni napeleka mboga nyumba moja, nikasikia kikohozi dirishani nikakijua. Bintiye alikuwa amemhamishia kwake. Nikapiga hodi. Nilimkuta amekaa juu ya kitanda cha kamba, amekonda, macho yameingia ukungu mweupe. Haoni. Paka wawili miguuni.

"Sabalkheri, Mwalimu."

"Sabalkheri. Nani?"

"Mama Kadzo."

Akainua uso. "Wa mchicha."

"Wa mchicha."

"Kaa. Chai ipo, lakini huyu binti yangu atia sukari kama mchanga, hainyweki."

Nikakaa. Sikwenda na maneno ya kupamba. Nilimwuliza palepale, kwa nini siku ile barazani hakusema.

"Nilisema. Niliulizwa kama uyoga mliokula watoka kichakani. Sikuuona. Nikasema sikuuona."

"Lakini Faraji ulimwambia usiliwe! Nilikuwepo kizingitini!"

"Nilimwambia."

"Mbona hukusema hilo?"

"Hawakuniuliza hilo."

Niliinuka, nikataka kuondoka. Wallahi nilikuwa nimeshashika beseni. Akanyoosha mkono hewani, hakunipata, akaurudisha magotini.

"Mama Kadzo, sikiza. Watoto wote waliopita mikononi mwangu niliwafunza wajibu walichoulizwa, wasizidishe. Wakizidisha nikiwakata alama. Siku ile nilikaa pale barazani nikingoja swali la pili. Kila mtu akinyanyuka kwenda zake nami nangoja. Nilidhani Athumani ataliuliza. Mtu yeyote mwenye akili angeliuliza: je, ulipata kumwonyesha mtu uyoga wa sumu, na ni nani? Hakuuliza. Mpaka wameondoka wote, mimi nimekaa na jibu langu." Akapangusa mdomo. "Nilikosea. Palikuwa si skuli pale. Palikuwa na maiti."

"Sasa wasemaje?"

"Sasa nasema niulizwe. Nilimwonyesha Faraji vumbi, aliliona kwa macho yake, nikamwambia hauliwi, akasema amesikia. Hilo nalijua, sina shaka nalo. Waite watu waniulize nikiwa hai."

Nilitoka hapo moja kwa moja kwa Athumani Kibwana. Alikuwa dukani kwa kinyozi, taulo shingoni. Nikamwambia mbele ya kinyozi na waliokuwa wakingoja zamu. Akanijibu kwenye kioo, hakugeuka.

"Mambo yale yamepita, mama. Na yule mzee sasa ni kipofu."

"Alimwona Faraji kabla hajawa kipofu."

"Mama, nenda. Mwache mtu anyolewe."

Na Faraji bado yuko Marikiti. Kibanda kimekuwa viwili. Nikipita hunisalimia, huniita dada.

Basi nimeandika. Faraji Mwachiro, ulijua. Uliuona ule uyoga umepinduliwa mbele yako, ukaukata vitako kwa kisu chako mwenyewe ukasema ni mikia, ukamdanganya Mbeyu alipokuuliza, kisha ukasimama miguuni mwake ukamtupia mzee asiyehusika. Athumani Kibwana, uliuliza swali moja ukafunga kikao, kwa sababu swali la pili lingeingia nyumbani kwa mkeo. Kibokoni si mbali. Mzee macho hana, lakini anasikia vizuri na akili yake iko pale pale. Njooni nyote wawili, mbele ya watu walewale waliokaa barazani siku ile. Athumani, wewe ndiye utakayemwuliza Mwalimu. Na wewe Faraji utakaa umwangalie akijibu, kisha utanijibu mimi: dada yangu alikukosea nini?